Ng'ombe wa Mektrida Kwenye Mlingoti wa Bendera

Kibosho,
Jumapili, 2 Machi 1975

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo uliyoiandika juu kabisa ya barua yako, kabla hujaanza kunigombeza, nimeipokea, nami nasema marahaba. Natumaini wewe na Zita mu wazima, na kwamba kifua cha Yakobo kimetulia tangu mhamie nyumba isiyovuja. Sisi huku tunakwenda. Shemeji yako Dafroza anasumbuliwa na goti, ingawa goti hilo halijamzuia hata mara moja kufika Misa ya kwanza, wala kunifuata uani kuniambia nililokosea. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wangu si wa mwili.

Barua yako niliichukua parokiani Alhamisi. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena kesho yake nikidhani huenda imepoa. Haikupoa. Unasema wakubwa wako wa Chama huko Tabora walikuita, wakakuuliza mbele za watu kama ni kweli kwamba kaka yako, mwalimu mstaafu, aliongoza kundi la ng'ombe kuvamia ofisi ya tawi la TANU, akaiangusha bendera na kumtukana mgeni aliyetoka wilayani. Unasema hukujua uso wako uuweke wapi. Pole sana. Lakini nakuuliza, mdogo wangu, tangu lini umeniona nikiongoza ng'ombe? Huyu mmoja wa Dafroza hunipiga teke hata nikipita mbele yake na gazeti.

Nitakueleza yote kwa utaratibu wake. Liko neno moja nitakaloliweka mwishoni. Sifanyi hivyo kwa ujanja. Nakujua tu: ukilisoma mapema utaikunja barua na kuanza kuzunguka chumbani kama marehemu baba, na yaliyobaki hutayasoma. Pia mambo mengine nitayaeleza kama vile huyajui. Najua utawasomea watoto, nao wamezaliwa huko, kwenye nchi tambarare, hawajui hata mfongo ni kitu gani.

Waambie hivi. Mlima wetu una maji mengi, lakini maji hayo yanapita chini makorongoni, mahali ambapo mbuzi akianguka humfuati, unamwombea tu. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa ambamo tunajenga, tunazaa na kuzikwa, viko juu migongoni. Ndipo wazee wa babu zetu wakapanda hadi msituni, wakauziba mto kwa mawe na magogo, wakachimba mfereji unaopita ubavuni mwa mlima, ukipinda hapa na kujificha pale, mpaka maji yakatufikia nyumbani. Mfereji huo ndio mfongo. Kila kihamba kina zamu yake ya maji. Kila mwaka mafuriko hubomoa banio, yaani ile ziba ya mawe na magogo kule juu, na tope huziba njia. Basi mzee wa mfongo, ambaye siku hizi ni Onesphory, hupiga baragumu, na kila kihamba hutoa mwanamume mmoja mwenye jembe. Asiyechimba hana zamu. Sheria ni hiyo tu, nayo haikuhitaji bunge. Aliye mgonjwa hutoa mbuzi wa mfongo akaliwa na wachimbaji. Mzee mwenye mvi hupumzishwa, na zamu yake hubaki pale pale. Naomba watoto walikumbuke hilo la mvi, maana litarudi.

Sasa nije kwa Januari. Unamkumbuka? Nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, lakini hesabu za kugawanya zilimshinda kabisa. Ukimpa machungwa kumi na mawili awagawie watoto wanne, manane yalibaki kwake. Leo ndiye mwenyekiti wa tawi letu, na kazi yake kubwa ni kugawa.

Lilipotoka tangazo la Kilimo cha Kufa na Kupona nililipokea kwa moyo wote, kwa kuwa njaa ya mwaka jana tumeiona kwa macho. Ila Januari alilielewa kwa namna yake. Alitaka shamba la kutazamwa. Alichagua sehemu ya chini kabisa, kando ya barabara ambayo gari la mgeni lingepita, akapanda mahindi mwezi wa kwanza, katikati ya kiangazi, na kamati yake ikapitisha kwamba maji yote ya mfongo yateremke huko tangu Jumatatu mpaka Jumamosi. Sisi wa juu tukaachiwa Jumapili, siku ambayo Padre anatukataza kushika jembe. Nilimwendea Januari nikamweleza jambo hilo kwa upole. Alinijibu kwamba Padre nikamwone mimi mwenyewe, maana yeye anashughulika na siasa. Nikamuuliza ni nani katika kamati aliyeonekana na jembe siku ya kuzibua mfongo. Akasema viongozi huchimba kwa kichwa. Nikamwambia ningefurahi sana kukiona kichwa chake banioni. Hakucheka. Hata shuleni hakuwa mtu wa kucheka.

Basi mahindi yakawa ya kijani hata yakaumiza macho, na huku juu migomba ikaanza kukunja majani. Kahawa ikapukutisha maua. Wanawake wakarudi kuteremka korongoni na madebe kama enzi za vita vya Wajerumani, na kila debe lililopanda lilikuwa la ng'ombe kwanza, maana mtu anaweza kuvumilia kiu na ng'ombe hawezi. Wanaume walinung'unika penye mbege, pombe yetu ya ndizi. Walinung'unika vizuri sana, kwa methali na mifano, na sauti zao zikashuka kila mjumbe wa nyumba kumi alipopita njiani.

Mimi nikaamua kuandika waraka wa malalamiko, wa heshima, ambao tungemkabidhi mgeni wa wilaya siku atakapokuja kuliona shamba. Wenseslaus, usije ukaandika waraka pamoja na watu wa Kibosho. Ambrosi wa kwa Temba, yule mwenye jina kama langu, alitaka barabara iingizwe. Mwingine akataka mafuta ya taa. Mwingine aliweka dole gumba lake kwa mbwembwe, kisha akarudi jioni kuomba dole lake lifutwe kwa sababu mwanawe anatafuta kazi mjini. Nilipomaliza, waraka ulikuwa mrefu kama Waraka kwa Warumi, na maji yalianza kutajwa karibu na mwisho.

Nilimsomea Mektrida. Huyu ni jirani yetu wa ng'ambo ya korongo dogo, mjane wa Primus seremala, mwanamke anayezungumza kama mtu anayepasua kuni. Nilimkuta njiani akitoka mtoni, akasimama kunisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, debe likiwa kichwani, wala hakulitua. Nilipomaliza aliniuliza kama waraka ule unanyweka. Nikasema sikumwelewa. Akasema ng'ombe wake yuko zizini tangu asubuhi akimsubiri, na kama unanyweka basi nimpe ampelekee, yeye apumzishe shingo.

Kesho yake nikasikia mpango wa wanawake. Siku ya mgeni, kila mmoja angemchukua ng'ombe wake na kumpeleka ofisi ya tawi, ili mwenyekiti aliyechukua maji awanyweshe kwa mkono wake. Nikamfuata Mektrida mbio, kwa kadiri miguu yangu inavyojua mbio. Hapa inabidi niwaeleze watoto tena. Ng'ombe wa huko Tabora hutembea. Wetu hatembei. Anazaliwa ndani, analetewa majani na migomba iliyokatwakatwa, analetewa maji, anakamuliwa, na hutoka siku ya kuchinjwa. Jua halijui. Barabara haijui. Akimwona ng'ombe mwenzake anadhani ni shetani. Nilimweleza Mektrida haya yote, nikiwa na hakika kwamba hoja yangu haina jibu. Alijibu kwamba hata Januari alikuwa hajui kukaa kwenye kiti, mbona siku hizi amejifunza.

Siku ikafika. Vijana wa tawi walikuwa wamejenga lango la mapambo mbele ya ofisi, migomba miwili mikubwa iliyosimamishwa, majani yamefungwa juu, na masale katikati, yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini, nalo lilipendeza kweli. Mlingoti wa bendera ulikuwa mpya. Niliutazama nikaona shimo lake halifiki hata goti, nikamwambia Januari kwamba mlingoti husimama kwa kile kilichomo ardhini. Akaniomba nikakae na wazee. Nilikaa, waraka mfukoni mwa koti, nikijiambia kwamba leo angalau kitu kimoja kitafanyika kwa mpango.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ng'ombe waliokuwa hawajawahi kutoka nje walikuwa wakipiga kelele kwa pamoja, na wanawake wakiwabembeleza kwa Kichagga kama watoto wa ubatizo. Halafu wakatokea. Wenseslaus, sijui nikuelezeje. Walitembea kama watu waliovaa viatu kwa mara ya kwanza. Mmoja alilala katikati ya barabara akakataa katakata, na mwenye ng'ombe huyo akalala pembeni yake kumshawishi. Ng'ombe wa Dafroza, ndiyo, wa nyumbani kwangu, nami sikuwa na habari, alikuwa amefungwa kanga machoni ili asiogope jua, na shemeji yako akimvuta huku akinitazama moja kwa moja bila kupepesa. Wale waliofika mbele wakaliona lango la mapambo. Wewe mwenyewe fikiri. Ng'ombe mwenye kiu, asiyejua siasa, anaona migomba miwili mibichi imesimamishwa mbele yake. Waliila kwa utulivu mkubwa. Walibakiza masale tu.

Januari alikimbia huku na huku akipiga makofi, akiwaita wanawake wasaliti na ng'ombe wasaliti. Mektrida akamwambia, "Baba mwenyekiti, usipige makofi, lete ndoo." Kisha akamfunga ng'ombe wake kwenye mlingoti wa bendera, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumfungia, na wakati huo huo gari la mgeni likapiga honi kwenye kona. Ng'ombe alishtuka. Akavuta. Mlingoti ukalala upande kama mlevi.

Ndipo nikafanya jambo pekee nililolifanya siku ile, na nakuomba uwaambie wakubwa wako hivyo hivyo. Niliruka nikaukumbatia. Bendera haikugusa ardhi. Ng'ombe alifunguliwa, lakini mlingoti ulikuwa umeshang'oka, na kila nilipotaka kuuachia ulianza kuanguka tena. Kwa hiyo nilibaki pale, nimeukumbatia kwa mikono miwili, shavu langu limegusa ubao, tangu mgeni anashuka garini mpaka anamaliza hotuba. Hakuna kijana hata mmoja aliyekuja kunipokea. Kila mmoja alidhani ndivyo ilivyopangwa. Waraka ulikuwa mfukoni, umbali wa shubiri moja kutoka mkononi mwangu, na mkono sikuweza kuutoa. Dafroza alicheka hadi akaketi chini.

Mgeni ni mtu wa Singida, mtoto wa wafugaji. Hakuulizia lango wala bendera. Alikwenda moja kwa moja kwa yule ng'ombe aliyelala barabarani, akamshika masikio, akamtazama kwato, akauliza kwa huzuni ya kweli hawa wanyama wana ugonjwa gani. Mektrida akamwambia hawana ugonjwa ila wa kutotembea. Akauliza maji wanakunywa wapi basi. Mektrida akainama, akamwonyesha utosini, pale ambapo nywele zimekatika kwa debe. Akasema, "Wanakunywa hapa, baba. Mto wetu ulikuwa karibu. Mwenyekiti ameuhamishia kwenye mahindi yako." Kurasa zote za waraka wangu hazikusema zaidi ya hapo.

Lakini usifikiri kwamba aliamua. Nilisubiri aamue, nikiwa nimeshikilia mlingoti. Alisema maji ni kazi ya kamati ya tawi, si yake. Akawauliza wanawake ni nani kati yao aliye katika kamati. Hakuna. Akauliza wazee. Hakuna. Akauliza nani ana kadi ya Chama, ikainuka mikono michache, mingine ikashuka njiani. Akasema mtu aliyeko nje ya nyumba hawezi kulalamika namna viti vilivyopangwa ndani, kwa hiyo tukate kadi, na nafasi zilizo wazi katika kamati zijazwe kabla ya mwezi kwisha. Kisha akanigeukia. Akasema katika tawi hili lote amemwona mzee mmoja tu aliyeikumbatia bendera kwa mapenzi, akasimama nayo juani bila kuagizwa. Watu wakapiga makofi. Mimi ningekanusha, lakini jasho lilikuwa limeniingia machoni.

Unajua msimamo wangu tangu mwaka wa uhuru. Umenisihi miaka yote hii nikate kadi, nami nikikujibu kwamba mwalimu ni wa watoto wote, na kwamba mikutano inanichosha. Nilimwambia Mektrida hayo hayo alipokuja kunitaka nigombee nafasi katika kamati. Akanisikiliza, safari hii bila debe, kisha akaniuliza ni miaka mingapi nimewasahihisha watu wa kijiji hiki, kanisani, dukani, njiani, hata kwenye matanga. Nikasema ni mingi. Akasema basi nikaisahihishe kamati, au ninyamaze hadi kufa. Dafroza akasema hilo la pili haliwezekani, kwa hiyo ni lile la kwanza.

Nimekata kadi, Wenseslaus. Nimo katika kamati ya tawi, na Mektrida naye yumo. Najua hapa utafurahi. Furahi upesi, maana neno lenyewe bado.

Kikao chetu cha kwanza kilianza kwa kubishana nani akae wapi. Baada ya hapo tukaingia kwenye maji. Nilisimama, nikaomba mzee Onesphory aitwe awe shahidi, nikaieleza sheria ya mfongo kama nilivyoieleza hapo juu, tena kwa ufasaha zaidi, na ubao ungekuwapo ningechora. Nilionyesha kwamba shamba la mahindi halikuchimbiwa na mtu, kwa hiyo halina zamu. Nilionyesha kwamba sheria isiyochagua mtu ndiyo ujamaa wenyewe, uliokuwapo kabla neno halijafika. Hata Januari aliinamisha kichwa. Nilikaa, nikajisikia kama siku ile mkaguzi aliponisifu darasani.

Mektrida akainua mkono. Akasema sheria ameielewa sana, Mwalimu ameieleza vizuri, ila ana swali. Kihamba chake Mwalimu hakichimbii kwa sababu ana mvi, sawa. Na kihamba cha pili, kile cha marehemu baba yao, nani anakichimbia?

Nakuapia, nilikuwa sijawahi kujiuliza. Watoto waambie kwamba kwetu mtoto wa mwisho ndiye hurithi nyumba ya baba, kwa hiyo kihamba walimolala babu na bibi yao ni cha kwenu, mimi nakitunza tu. Nilipokuwa na nguvu nilichimba siku zako na zangu. Wazee waliponipumzisha, mimi nikapumzika na vihamba vyote viwili, na hakuna aliyesema neno kwa sababu niliwafundisha wote kusoma. Nikamtazama Onesphory. Akatazama sakafu, akasema kwa sauti ndogo kwamba mvi ni za mwenye kichwa, haziazimwi. Nami nilikuwa nimetoka kuwaeleza hivyo hivyo, kwa kidole juu.

Januari akapata uhai. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu. Akasema ndugu Wenseslaus ni mtumishi wa Chama, yuko mbali kwa kazi ya Taifa, ni aibu tawi lake kumkaushia migomba. Akapendekeza kwa moyo mwema kwamba kihamba chako kiachiwe zamu yake, kwa heshima ya Chama. Na kwa heshima hiyo hiyo, akaongeza, mahindi ya Chama nayo yasisahaulike.

Unaona alivyogawa? Siku moja tu maishani mwake Januari aligawanya kitu sawasawa, na ndiyo siku hiyo. Ukipita wewe, yanapita mahindi. Ukinywa wewe, mia wanakauka. Kamati iligawanyika nusu kwa nusu, wote wakanigeukia, na mkono uliobaki ulikuwa wangu.

Neno lenyewe ndilo hili. Niliinua mkono kufunga zamu ya kihamba cha baba. Niliuinua mimi, kaka yako, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, na hakuna aliyenilazimisha. Maji yamerudi kwa watu wa juu. Mahindi ya Januari yameanza kukunjamana, na wanakamati wawili wameonekana wakinoa majembe. Mfongo unapita pembeni mwa kihamba chako, nausikia kutoka hapa ninapoandika, na mlango wake umezibwa kwa udongo kwa mkono wa Onesphory, mimi nikiwa shahidi. Migomba ya upande wa kaburini imeanza kuwa ya njano. Ile ya mwisho aliyoipanda mama bado inajikaza.

Umenigombeza kwa barua nzima kwa kosa la kuangusha bendera, ambalo sikulitenda. Sasa unalo la kunigombezea kwa haki.

Ziko habari nyingine ambazo sheria haizikatazi. Sheria inazuia zamu, haizuii ndoo. Asubuhi moja nilimkuta Dafroza, pamoja na lile goti lake, akipandisha maji kutoka korongoni kwenda kumwagia migomba ya mama. Nilichukua debe nikamfuata. Sijawahi kubeba debe tangu nizaliwe, na nusu ya maji ilifika mgongoni mwangu. Mektrida alituona kutoka ng'ambo, akapaza sauti hadi bonde likaitika, "Mwalimu, shingo wima! Unainama kama ng'ombe wangu!" Kisha akateremka, akachukua debe lake, akabeba nasi. Amebeba tangu siku hiyo. Mwanamke huyu atanitia wazimu.

Baragumu la kuzibua tope litapigwa juma linalofuata Pasaka, kabla masika hayajashika, kama mwaka huu yatakumbuka kuja. Usitume mbuzi. Mbuzi ni kwa wagonjwa, na kamati imeshasema wazi kwamba kuwa kiongozi si ugonjwa. Omba likizo. Wakubwa wako wakikuuliza unakwenda wapi, waambie unakwenda kwenye kazi ya tawi, nayo ni kweli. Njoo na Yakobo aone banio, na aone ng'ombe wasiotembea. Jembe la baba liko darini, nimelitia mpini mpya.

Ndani ya bahasha hii utakuta jani la isale nimelikunja. Nimelikata pale kaburini, ambako masale hayangoji zamu ya mtu. Litafika Tabora limekauka, lakini waeleze watoto kwamba kwetu mtu akikuletea isale kuomba radhi huna ruhusa ya kumkatalia, hata kama yeye ni mkubwa na wewe ni mdogo, hata kama una haki yote. Sijawahi kulipeleka kwa mtu yeyote. Wewe ni wa kwanza.

Dafroza anakusalimu, anasema Zita asisahau zile mbegu za karanga. Onesphory anakusalimu na kuinamisha macho. Mektrida hakukusalimu. Amesema atakusalimu banioni. Mbusu Yakobo, wabariki wote kwa mkono wangu, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi kaka yako,
Ambrosi